INTANETI YA PLOTI NA MFUKO WA MFANYAKAZI



Katika mkutano uliopita wa tawi letu hapa Garissa lilizuka neno ambalo halikumalizwa, maana adhana ya Magharibi ilikwisha lia na watu wakaondoka. Neno lenyewe ni gharama ya intaneti. Mimi nilikuwa nimenyosha mkono, basi nasema hapa yale niliyotaka kusema pale.

Twajua sote jinsi kazi zetu zilivyogeuka. Mwalimu hupimwa kazi yake kwa fomu ya intaneti. Hesabu ya kodi ya mapato yatakiwa ipelekwe kwa iTax kabla ya mwisho wa Juni, na atakayechelewa hutozwa faini. Karatasi ya mshahara haiji tena katika bahasha. Uifuate mwenyewe huko huko. Na bando linatoka wapi? Linatoka mfukoni mwa mfanyakazi, na hakuna mkubwa aliyewahi kuuliza.

Hilo ni dai letu kwa mwajiri, nami nitalirudia. Lakini liko jambo jingine ambalo kosa ni letu sisi. Katika ploti moja wanakaa wafanyakazi wanane, ukuta kwa ukuta, na kila mmoja hununua bando lake peke yake kama kwamba jirani ni adui. Tufanye hesabu kwa mfano tu. Kila nyumba ikitumia Sh. 1,000/- kwa mwezi, wanane hulipa Sh. 8,000/-. Wakichukua laini moja ya Sh. 4,000/- na kuigawana, kila mmoja hutoa Sh. 500/-.

Wazee wetu walipoona mitambo ya kupeleka habari bila waya waliiita simu ya upepo. Ruta ya nyumbani ni hiyo hiyo, imefanywa ndogo. Intaneti huingia kwake kwa njia moja: kwa waya wa nyuzi za kioo mahali ulikofika, kwa laini ya simu iliyotiwa ndani ya kisanduku, au kwa sahani ya setilaiti kama zile za Starlink zilizoanza kuuzwa Kenya mwaka 2023. Kisha ruta huitawanya kwa mawimbi, na simu zote za nyumba huipata.

Sisi tulijaribu Bula Iftin, na mwanzo tulifanya ujinga. Ruta tuliitundika juu kabisa chini ya mabati, tukidhani juu ndiko kuzuri. Ikifika saa saba mchana ilikuwa moto kama birika, ikazimika. Tena aliyekaa nyuma ya tangi la maji hakupata kitu. Fundi mmoja kijana alitucheka, kisha akatufundisha: mabati huyarudisha mawimbi, maji huyameza, na ukuta wa mawe huyadhoofisha. Tukaishusha, tukaiweka katikati ya ploti, mahali penye kivuli na hewa, juu ya kichwa cha mtu. Akatuonyesha pia kwamba ruta nyingi zina mawimbi ya namna mbili. Yale ya gigahazi 2.4 hufika mbali na kupenya kuta vizuri zaidi. Yale ya gigahazi 5 yana mbio, lakini hayavuki kuta nyingi. Nyumba za mwisho zikashika yale ya kwanza.

Umeme nao. Mtambo mkubwa wa jua wa megawati 50 ulifunguliwa karibu na mji wetu mwaka 2019, na bado taa huzimika! Lakini ruta hula umeme kidogo sana, na nyingi huenda kwa volti 12. Betri ndogo yatosha kuvuka jioni.

Ugomvi wetu wa kweli haukuwa wa mitambo. Mpwa wa mtu alikuwa akiteremsha filamu usiku kucha, na mwalimu wa chumba cha tatu akashindwa kupeleka alama za wanafunzi. Dawa ilikuwamo ndani ya ruta yenyewe: waweza kuipa kila simu kiasi chake. Neno la siri nalo liliandikwa na watoto kwa mkaa mlangoni, mtaa mzima ukaingia. Hili si la kuchekea. Laini imeandikishwa kwa jina la mtu mmoja, na mgeni akifanya uovu kwa laini ile, ni huyo mmoja atakayegongewa mlango. Huku kwetu kila mtu anajua uzito wa hodi hiyo. Kwa hiyo neno la siri la kiwandani libadilishwe siku ya kwanza, wapewe wenye nyumba tu, na mmoja akihama libadilishwe tena. Msomeni mkataba pia, maana kampuni nyingi hukataza kuiuza laini ya nyumbani, na nyingine hukataza hata kuivusha nje ya nyumba moja. Ikiwa hivyo, ombeni laini ya ploti.

Sasa, ndugu mmoja alisema mkutanoni kwamba tukijisaidia hivi mwajiri atasema, "Mbona wamekwisha jitosheleza?" Hofu yake naielewa. Lakini leo, tukiulizwa tunatumia kiasi gani kwa kazi, kila mtu hutaja lake, wala hakuna karatasi. Ploti yenye daftari na risiti za kila mwezi ina ushahidi wa kuwekwa mezani. Nayo haiwasaidii wenzetu wa vijijini, ambako minara ya simu imepigwa mara kwa mara na watu wenye silaha, na mtu hupanda gari mpaka mjini ili atume fomu moja. Wao wanahitaji mwajiri aweke intaneti shuleni na zahanatini.

Basi naleta hoja mbele ya tawi: kila ploti yenye wanachama ifungue daftari la intaneti, na nakala ya risiti ipelekwe kwa katibu kila mwisho wa mwezi, na katika majadiliano yajayo ya mishahara, posho ya intaneti iandikwe kuwa kifungu peke yake, isifichwe ndani ya posho ya mazingira magumu. Atakayeniunga mkono na anyoshe mkono mapema, kabla ya adhana.