Kabla ya Kuuliza Mtaala, Tuipime Nyumba

Ndugu wazazi mnaosomesha watoto nyumbani, Novemba na Disemba ndio msimu wa orodha za vitabu. Mtoto amemaliza Gredi ya Sita, Januari haiko mbali, na kila mama akikutana na mwenziwe, iwe ni kanisani, msikitini au sokoni, swali ni lile moja: mwakani mtatumia mtaala gani? Majibu huja kwa majina. Huyu ataja Cambridge, yule ataja ACE, wa tatu asema yeye habanduki kwenye mtaala wa serikali. Mwulizaji hurudi kwake na majina matatu na wasiwasi uleule aliokuja nao.

Nasema swali hilo limetangulizwa mbele ya mawili yaliyo makubwa kuliko lenyewe. La kwanza ni nyumba yako ina nini: nani atakaa na mtoto, saa zipi, na akiwa amebakiwa na nguvu kiasi gani. La pili ni mtoto huyu atatokea mlango upi akitimiza miaka 15. Mtaala unaoyajibu haya mawili ndio wako, hata kama mjini hauna sifa. Usioyajibu utakuelemea, hata ukiwa umetungwa na mabingwa.

Nianze na mlango, kwa kuwa ndio unaosahauliwa. Enzi za KCPE jambo hili lilikuwa jepesi. Mtihani ulikuwa mmoja, mwisho wa darasa la nane. Mtoto aliyesomea nyumbani aliweza kuandikishwa kama mtahiniwa wa kibinafsi, akakalia karatasi zilezile za wenzake na akapata alama zake. KCPE ya mwisho ilifanywa mwaka 2023. Leo alama za kumpeleka mtoto Gredi ya Kumi hukusanywa njiani. Asilimia 20 hutoka kwenye KPSEA, tathmini ya Gredi ya Sita. Asilimia 20 nyingine hutoka kwenye kazi anazotathminiwa shuleni katika Gredi ya Saba na ya Nane. Asilimia 60 ni ya KJSEA, mtihani wa Gredi ya Tisa ambao watoto wa Kenya waliufanya kwa mara ya kwanza mwaka 2025. Baada ya hapo hugawanywa katika mikondo mitatu: ule wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati; ule wa sayansi za jamii; na ule wa sanaa na sayansi ya michezo.

Iangalieni vizuri ile asilimia 20 ya katikati. Alama zake hupelekwa na shule kwa Baraza la Mitihani la Kitaifa. Mama mtu hana pa kuzipitishia. Mzazi anayekusudia mwanawe aingie sekondari ya kawaida baada ya Gredi ya Tisa, na huku hana shule iliyomwandikisha, atajikuta na kijana mwerevu ambaye kwenye hesabu ya serikali ana pengo. Kwa hiyo aliyechagua mlango huu na atafute shule mapema: shule ndogo ya karibu, yenye mwalimu mkuu atakayekubali kumwandikisha mtoto, kupokea kazi zake na kumtathmini pamoja na wenzake. Zipo shule za namna hiyo, na makubaliano yaandikwe.

Hapo hapo tuseme na la sheria, maana wengi hulipita wakiwa wamefumba macho. Katiba, katika kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka mzazi amwandikishe mwanawe shuleni na ahakikishe anahudhuria. Masomo ya nyumbani haikuyawekea utaratibu wake. Wako wanaoshauri kwamba, hali ikiwa hiyo, tusomeshe kimyakimya na watoto wasionekane barabarani asubuhi. Ushauri huo siukubali hata kidogo. Mtoto anayesoma kwa bidii asifichwe kama mwenye hatia. Weka daftari la mahudhurio, weka tarehe kwenye kila kazi, hifadhi insha zake na michoro yake, na yale makubaliano mliyoandikiana na shule yawe juu ya faili. Siku chifu au afisa wa elimu akibisha hodi, awe na kitu cha kusoma.

Sasa mitaala yenyewe. Ule wa serikali una faida moja ambayo wengi hawaithamini: miongozo yake, inayotolewa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, hupatikana bure mtandaoni, na vitabu vyake viko kila mji wenye duka la vitabu. Masomo ya Gredi ya Saba hadi ya Tisa yalikuwa mengi kupita kiasi mwanzoni. Baada ya ripoti ya mwaka 2023 ya jopo la Rais lililoongozwa na Profesa Raphael Munavu yalipunguzwa hadi 9: Kiingereza, Kiswahili, Hisabati, Sayansi Jumuishi, Maarifa ya Jamii, Masomo ya Awali ya Kiufundi, Kilimo, Sanaa Bunifu na Michezo, na Masomo ya Dini. Ukiyatazama kwa jicho la mzazi, utaona karibu nusu yake yanafanyika vizuri zaidi nyumbani na shambani kuliko darasani. Mtoto aliyepanda sukumawiki kwenye magunia, akaandika tarehe ya kupanda na ya kuvuna, akajua dawa ya vidukari na bei ya fungu moja, huyo Kilimo kinamfundisha chenyewe.

ACE ilianzishwa Texas, Marekani, mwaka 1970, na hapa kwetu imependwa sana na wazazi Wakristo. Kila somo limegawanywa katika vijitabu 12 kwa mwaka. Mtoto husoma kwa mwendo wake, hujisahihishia, na hapandi kijitabu kingine mpaka apate asilimia 80. Kwa mama mwenye watoto wanne wa rika mbalimbali hilo ni pumziko la kweli, nami simlaumu anayelichagua. Lakini mtoto wa miaka 13 anaweza kujaza nafasi zilizoachwa wazi mwaka mzima bila kuandika ukurasa mmoja wa mawazo yake, wala kubishana na mtu kuhusu alichokisoma. Atakayeuchukua mtaala huo aongeze insha na mazungumzo kila wiki, na aulize mapema, kabla ya kulipa, cheti chake kitalinganishwaje na vya hapa nyumbani.

Cambridge una heshima yake na mlango wake uko wazi: IGCSE, ambayo mtoto anaweza kuifanya kama mtahiniwa wa kibinafsi. Ada ya mtihani hulipwa kwa kila somo, na si ndogo. Ndugu mzazi, piga hesabu ya miaka yote mpaka mwisho, usipige ya mwaka huu tu. Nyumba nyingi huuanza mtaala huu wakati kazi ni nzuri, kisha kazi ikiyumba mtoto hukwama katikati, hayuko huku wala kule.

Hapa nina neno zito kidogo. Katika mitaala ya nje, Kiswahili ndicho kinachoachwa kwanza. Mzazi hujiambia kwamba mtoto anakiongea nyumbani, basi yatosha. Hakitoshi. Mtoto anayeongea Kiswahili cha kuagiza chai na hawezi kuandika barua ya kueleza shauri lake amenyang'anywa nusu ya nchi yake. Cambridge wenyewe wana mtihani wa IGCSE wa Kiswahili, kwa hiyo kisingizio cha kwamba mtaala haukiruhusu hakipo. Mpe mtoto *Siku Njema* ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996. Mvulana yule Kongowea, anayetoka Tanga kuja kumtafuta baba yake hadi Kitale, atamshika msomaji wa miaka 13 mpaka mwisho. Kila asomapo sura moja, afunge kitabu akusimulie. Mwalimu Mwingereza Charlotte Mason, aliyefariki mwaka 1923, aliijenga elimu ya watoto juu ya zoezi hilo hasa, yaani vitabu vizuri, vipindi vifupi, na mtoto kusimulia alichosikia. Bibi zetu walilijua kwa njia yao. Hadithi ya leo ilianza kwa mjukuu kueleza jana waliishia wapi. Historia nayo iwe hivyohivyo. Ni aibu mtoto wa Kilifi ajue marais wa Marekani kwa mpangilio na asijue kwamba Mekatilili wa Menza aliwaongoza Wagiriama dhidi ya Waingereza mwaka 1913, karibu kabisa na kwao.

Dawa ya mashaka, kwa wazazi wengi, ni kununua zaidi. Hisabati ya mtaala huu, sayansi ya ule, programu ya mtandaoni juu yake, na mwalimu wa jioni. Mtaka yote kwa pupa hukosa yote. Nimeona katika nyumba moja msichana wa Gredi ya Saba aliyekuwa na vitabu vitatu vya hisabati mezani, na katika vyote alikuwa amefika kwenye uwiano. Kurasa zilikuwa zimejaa alama za vyema. Mama yake alikuwa anataka kukanda unga wa chapati. Pakiti ya kilo 2 kwa kawaida huwatolea chapati 20. Siku ile alitaka 15, akamwuliza binti apime unga wa kutosha. Binti alisimama na kikombe mkononi. Akaomba karatasi, akaandika namba nne, akazidisha kimshazari, akapata 1.5, kisha akauliza: “Moja nukta tano ya nini, mama?” Mizani ilikuwa pale pale kando ya jiko. Mama hakumkemea. Aliweka viwili kati ya vile vitabu vitatu pembeni, na kwa wiki kadhaa hesabu za nyumba ile zilianza na unga, mafuta ya taa, nauli na mita za kitambaa, ndipo kitabu kikafunguliwa. Kitabu kilichobaki walikimaliza kabla ya mwaka kwisha, na binti anajua sasa namba zake zinapima nini.

Basi tuje kwenye nyumba. Shuleni kipindi cha Gredi ya Saba ni dakika 40, kwa kuwa darasa lina watoto wengi wa kutulizwa, kuitwa majina na kusahihishiwa. Nyumbani, mbele ya mtoto mmoja, dakika 25 za kweli hufanya kazi hiyo. Mzazi anayejaribu kukalisha mtoto tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni anaihamisha shule pamoja na upungufu wake wote, na jioni hakuna anayemtaka mwenziwe. Chukueni asubuhi, kwa muda wa saa tatu hivi, kwa yale yanayohitaji kichwa kilichopoa: hisabati, lugha, sayansi. Mchana uwe wa mikono, kusoma kimya, na kucheza na wenzake mtaani na kwenye timu, kwani umri huu unataka marafiki kama unavyotaka chakula.

Na yule mdogo wa miaka miwili anayepanda juu ya meza na kuchora kwenye daftari la kaka yake? Huyo hana mtaala, lakini ndiye anayeamua siku itakwendaje. Aanze yeye. Apewe nusu saa yake ya kwanza, apakatwe, aimbiwe, ashibe, kisha apewe sufuria na mwiko wake sakafuni. Somo gumu lisubiri usingizi wake. Kijana wa miaka 12 naye ana mikono: aoshe vyombo, ateke maji, amvalishe mdogo wake. Kazi hizo zisihesabiwe kuwa zinamwibia masomo. Ila ziwe na mpaka, hasa kwa wasichana. Nasikitika kusema kwamba katika nyumba kadhaa masomo ya nyumbani yamegeuka njia ya kupata yaya bila mshahara, na binti wa miaka 13 husoma usiku, wengine wakiwa wamelala. Mzazi afanyaye hivyo ajue kwamba shule ingemtendea mwanawe haki kuliko yeye.

Baba nao nina lao. Kusomesha nyumbani kwingi hapa nchini maana yake ni mama kusomesha, kupika, kufua na kuuza viwili vitatu dukani au kwenye simu, na baba kuuliza Jumapili mtoto amefika wapi. Gredi ya Saba hairuhusu hilo tena. Chukua somo moja, ndugu yangu, uwe mwalimu wake kamili: wewe ndiye unayepanga, unafundisha na kusahihisha. Masomo ya Awali ya Kiufundi yanawafaa wengi wenu. Kijana ashike futi, apime mlango, auchore kwa kipimo, ajue bei ya mbao. Vijana wa umri huu, wa kiume hasa, wanaanza kumchoka mama na kumtafuta baba kwa macho, na saa moja ya randa na misumari hufungua maneno ambayo mahubiri hayakuyafungua.

Kabla ya sikukuu, basi, wazazi wote wawili mkae mezani mkiwa na karatasi. Andikeni saa ambazo kila mmoja yupo kweli, fedha ambazo zipo kweli, na mlango mnaoutaka. Mtoto aitwe naye asikilizwe, ana miaka 12 na ana rai. Hapo ndipo mwende kwenye duka la vitabu. Ikiwa karatasi itaonyesha kwamba mama amebaki peke yake na baba hawezi hata somo moja kwa wiki, msione haya kumrudisha mtoto shuleni Januari. Atapokelewa kwa urahisi akiwa anaanza Gredi ya Saba kuliko akipelekwa muhula wa mwisho wa Gredi ya Tisa, na mama yake atapata tena kuwa mama.