Mfereji Ukikauka, Tumlilie Nani?

Leo tunaweka pembeni habari za safari na siasa za nyumbani. Tunataka kuongea juu ya maji, taka, vyoo, taa na njia. Watu huyaita mambo madogo. Lakini angalia siku ya mama mmoja hapa kwetu, toka anapoamka mpaka anapolala, utaona ni hayo hayo madogo yanamaliza nguvu zake.

Tuchukue mfano ambao wengi wenu mtautambua. Kiangazi kilichopita bomba linaloleta maji kwenye mfereji wa bloku yetu lilipasuka. Maji yalimwagika njiani siku mbili, halafu yakakatwa kabisa. Kiongozi wa bloku akapeleka habari kwa kamati ya maji. Kamati ikapeleka kwa shirika moja. Shirika likasema hiyo kazi imeshakabidhiwa wengine. Hao wengine wakasema wanangoja barua. Ofisi ya tatu ikatuuliza, "Kwani nyinyi si watu wa mashirika?" Siku kumi na moja zikaisha hivyo. Wamama walibeba jerikani, bido kama tunavyosema sisi Wakongomani, kwenda kupanga foleni kwenye bloku za watu wengine, na huko hawakupokelewa vizuri, maana hata wenyewe maji hayawatoshi. Wasichana walifika shule wamechelewa, wengine hawakufika. Halafu siku ya kumi na mbili akaja fundi mmoja na spana na kipande cha bomba, akamaliza kabla ya saa sita mchana. Kazi ya asubuhi moja tu!

Tuliikalia hiyo hesabu kwenye kikao chetu cha vijana. Fundi alikuwepo siku zote. Kipande cha bomba kilikuwepo stoo. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kusema, "Hii ni kazi yangu." Na maoni yetu ni haya: shida kubwa ya huduma hapa kwetu sasa hivi ni kwamba hatujui nani anajibu. Na mpaka tutakapoanza kuuliza kama wakaazi wa mji, hatutajua.

Ndiyo, tumesema mji. Wengine watacheka, lakini tuangalie pamoja. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992, wengi wetu vijana hatujazaliwa. Kalobeyei ikafuata mwaka 2016. Leo tuko karibu watu 300,000 tukijumlisha pande zote mbili. Mwaka 2018 IFC, ambayo iko ndani ya Benki ya Dunia, ilitoa utafiti ikaonyesha kuna biashara zaidi ya 2,000 hapa, na kwamba uchumi wa Kakuma, kambi na mji pamoja, ni kama dola milioni 56 kwa mwaka. Mwaka 2023 Kakuma ikapewa hadhi ya manispaa. Na Machi 2025 serikali ya Kenya ikazindua Mpango wa Shirika, ambao nia yake ni kambi zigeuke polepole kuwa makazi ambapo mkimbizi na mwenyeji wanatumia shule moja, hospitali moja na maji yale yale. Hata jina lenyewe, Shirika, limetoka kwenye kushirikiana.

Sasa, mji una utaratibu wake. Kambini kitu kikiharibika unaenda kwa shirika, unaomba. Wakikusaidia unasema asante, wakikataa unarudi nyumbani. Mjini huduma ni kazi ya ofisi fulani, imeandikwa kwenye sheria. Katiba ya Kenya ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, imetaja kazi za kaunti moja moja: kuzoa taka na mahali pa kuzitupa, maji na usafi, taa za barabarani, barabara za kaunti, masoko, leseni za biashara, shule za chekechea, kuzima moto. Ukisoma orodha hiyo utafikiri mtu alikuja kukaa kwenye kikao cha bloku yetu akaandika malalamiko.

Na kuna kifungu kingine tunaomba kila kijana akijue, kifungu cha 184. Kinasema sheria ya miji lazima iweke njia ya wakaazi kushiriki katika uongozi wa mji wao. Neno lililotumika hapo ni wakaazi. Sisi hatupigi kura Kenya, hilo tunalijua na hatugombani nalo. Lakini mkaazi ni mtu anayekaa mahali. Mtu aliyezaliwa Kakuma 1, akasoma Kakuma 1, akaoa Kakuma 1 na sasa anauza simu Kakuma 1, kama huyo si mkaazi wa Kakuma, basi anakaa wapi?

Halafu kuna habari ya pesa. Wafanyabiashara wengi wakimbizi hapa wanalipa leseni ya biashara kwa kaunti kila mwaka, kama mwenye duka wa upande wa mji. Wanabandika karatasi ukutani ili askari wa kaunti akija aione. Tunawaomba wazazi wetu wenye maduka: ile risiti msiitunze kwa ajili ya askari peke yake. Ile risiti inasema umechangia mji huu. Siku ya kuuliza kwa nini taka za sokoni hazijazolewa, kwenda na risiti mkononi ni tofauti kabisa na kwenda mikono mitupu.

Tukifika kwenye taka, wengine watatuambia, "Nyinyi vijana acheni kulalamika, fanyeni usafi wenyewe." Sawa. Tunafanya. Wale waliotoka Kongo wanakumbuka salongo, wale wa Rwanda wanajua umuganda wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na Warundi nao wana kazi zao za Jumamosi. Hilo jambo liko kwenye damu yetu. Mwaka huu kikundi chetu kimefanya salongo mara nne. Tunafagia njia, tunafungua mitaro, tunaokota mifuko ya plastiki mpaka kwenye miiba. Mara ya kwanza tulijaza magunia zaidi ya thelathini, tukayapanga vizuri kando ya njia. Halafu? Hakuna gari. Hakuna mahali palipopangwa pa kuyapeleka. Mbuzi wakayatoboa, upepo wa Kakuma mnaujua ulivyo, na ndani ya wiki moja zile taka zilirudi kwenye milango yetu. Fagio tunalo, mikono tunayo. Gari la taka na shimo la taka haviwezi kutoka kwa vijana kumi na tano wa kujitolea. Hapo ndipo kazi ya mkaazi inaishia na kazi ya manispaa inaanza, na hizo kazi mbili zinahitajiana.

Mvua nayo inatufundisha. Hapa mvua ni chache, lakini ikinyesha milimani laga zinashuka na maji kwa nguvu, na mto Tarach unajaa ghafla. Mitaro ikiwa imezibwa na taka, maji yanaingia kwenye nyumba za udongo na kwenye vyoo. Vyoo vikifurika, wiki inayofuata watoto wanaharisha na zahanati inajaa. Kwa hiyo taka, mtaro, choo na hospitali ni habari moja. Lakini sasa kila moja ina mlango wake, na kwenye kila mlango unaambiwa njoo kesho.

Tunataka kusema neno moja pia juu ya majirani zetu Waturkana. Kuna wakimbizi wanaofikiri kila kitu kikikosekana ni kwa sababu sisi ni wageni. Nendeni mkaangalie vijiji vya nje ya kambi. Kuna wamama wa Kiturkana wanaotembea mbali zaidi yetu kutafuta maji, na kuna miaka wengine walikuja kuchota kwenye mifereji ya kambini kwa sababu kwao hakuna. Wao wana kura na bado maji hawana. Kwa hiyo tukienda manispaa kusema habari ya maji, twende pamoja nao. Tukienda peke yetu tutaonekana tumekuja kuwanyang'anya. Wao wakienda peke yao wataambiwa mashirika yanawapa wakimbizi, nendeni huko. Tukiwa benchi moja, hiyo danadana haiwezekani tena.

Tunajua kuna wazee hawapendi maneno haya. Tumewasikia na hofu yao si ya bure. Wanasema tukianza kujiita wakaazi, majina yetu yataondolewa kwenye orodha ya kusafiri, ama UNHCR itasema sasa nyinyi ni wa kaunti, kwaherini. Tunawajibu kwa heshima. Mkimbizi anabaki mkimbizi kwa sababu ya kilichomfukuza kwao, na kudai mfereji utengenezwe hakubadilishi hilo. Na upande wa pili, msaada unapungua hata kama tumenyamaza. Chakula kimepunguzwa, sote tumeona, na hakuna aliyesubiri tukubali. Huduma zinahamishwa kutoka mkono mmoja kwenda mkono mwingine. Tukikaa kimya zitahamishwa bila sisi kuwepo, na Waswahili walishasema, asiyekuwepo na lake halipo.

Wengine wanauliza, manispaa yenyewe ina pesa? Hatujui hesabu zao na hatuwezi kudanganya. Lakini ndiyo maana tunataka kuwa pale wakati pesa inagawanywa. Hapa kuna kitu vijana wengi hawajui. Mwaka wa bajeti ya kaunti unaanza Julai 1. Makadirio yanatakiwa yafike bunge la kaunti kabla ya Aprili 30. Kwa hiyo mtu anayeenda Agosti kulilia taa za barabarani amechelewa, pesa imeshapangiwa kazi nyingine. Wakati wa kusema ni Januari, Februari, Machi, kwenye vikao vya maoni ya wananchi. Ni mara ngapi tangazo la kikao kama hicho limebandikwa kwenye mfereji wenu, kwa lugha mnayoisoma? Kwenye bloku yetu, hata mara moja hatujaliona.

Basi tusimalizie kwenye kulia tu. Tunapendekeza mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mamilioni.

La kwanza, kwenye kila mfereji, kila soko na kila zahanati pabandikwe kibao: huduma hii inasimamiwa na nani, simu ya kupiga ni ipi, na ikiharibika inatakiwa itengenezwe ndani ya siku ngapi. Kazi ikihamishwa kwa mwingine, kibao kibadilishwe siku hiyo hiyo.

La pili, kila bloku iwe na daftari. Kitu kikiharibika, andika tarehe, andika nani aliambiwa, andika alijibu nini, andika kilitengenezwa lini. Neno la mdomo linasahaulika. Zile siku kumi na moja tunaziongelea hapa kwa sababu kijana mmoja alikuwa anaandika.

La tatu, vikao vya manispaa na vya bajeti vitangazwe upande wa kambi pia, angalau wiki mbili kabla, kwa Kiswahili, Kisomali, Kiarabu, Kidinka, Kinuer na Kiturkana. Vifanyike mahali ambapo mama mwenye mtoto mgongoni anaweza kufika kwa miguu na kurudi kabla ya jua kuzama. Kama wanahitaji wakalimani, sisi vijana wa kujitolea tuko hapa, tunafanya kazi hiyo hospitalini na shuleni kila siku.

La nne, kila kikao kiwe na wamama, na waongee kwanza. Anayejua mfereji unafunguliwa saa ngapi na unakauka saa ngapi ni yeye. Mara nyingi anayeenda kumsemea ni mwanaume ambaye hajawahi kupanga foleni ya maji.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tuna zaidi ya miaka thelathini hapa. Hatuombi kubebwa. Jembe tunalolitaka ni nafasi ya kukaa kwenye kikao, kuuliza swali na kupewa jibu lenye tarehe.

Kwa vijana wenzetu: daftari la kurasa tisini na sita mnalipata kwenye duka lolote la bloku. Anzeni wiki hii, msingoje semina. Ikifika Januari tutakusanya madaftari yote, ya upande wa kambi na ya vijana Waturkana watakaokubali kuungana nasi, tutayapanga kwa huduma moja moja, na tutayapeleka wote pamoja. Aliye tayari kuandika kwenye bloku yake atuambie jina la bloku na zone, tumpe mfano wa jinsi ya kupiga mistari kwenye kurasa.