WAYA MMOJA HAUTOSHI ANGANI

Watu wa Unguja hawana haja ya kufundishwa maana ya kutegemea waya mmoja. Tarehe 21 Mei 2008 umeme ulikatika kisiwa kizima, na haukurudi mpaka tarehe 18 Juni. Kabla uchungu wa mwezi ule haujasahaulika, tarehe 10 Desemba 2009 ukakatika tena, na safari hiyo giza likadumu hadi mwezi wa Machi 2010. Vichochoro vya Mji Mkongwe vilijaa ngurumo na moshi wa jenereta, na asiyekuwa nayo alirudi kwenye koroboi. Mabomba yalikauka, kwani pampu za visima ni za umeme. Kisiwa chote kilikuwa kimefungwa kwenye waya mmoja uliolazwa chini ya bahari mwaka 1980, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Palipoharibika mahali pamoja, maskini na tajiri walilala kiza.

Twaikumbusha habari hiyo kwa sababu leo twataka kusema juu ya ndege.

Katika miaka ya karibuni vijana wa nchi yetu wamekuwa wakijaribu kujenga vyombo vya kuruka kwa mikono yao wenyewe. Huko Tunduma, mkoa wa Songwe, fundi mmoja alijenga helikopta katika karakana yake, na picha zake zikaenea nchi nzima. Wako waliomsifu, na wako waliomcheka. Sisi hatumo katika hao wanaocheka. Wale ndugu wawili wa Marekani walioruka mwaka 1903 walikuwa mafundi wa baiskeli. Na Mfaransa Louis Blériot, aliyevuka bahari kati ya Ufaransa na Uingereza mwezi wa Julai 1909, alivuka kwa ndege aliyoijenga yeye mwenyewe. Na upana wa bahari ile unakaribia sana upana wa huu mkondo wetu baina ya Unguja na Mrima. Basi anayemcheka fundi wa Tunduma anacheka asili ya eropleni, kama wazee wetu walivyoziita.

Lakini kumheshimu fundi si kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Yafaa kumwambia mapema mahali ambapo ndege za kujijengea huangusha watu. Mwaka 2012 bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri ilitoa uchunguzi wake juu ya ndege za namna hii. Ilionekana kwamba mambo mawili yanatangulia mengine yote katika ajali hizo: injini kushindwa kazi, na rubani kushindwa kuitawala ndege. Ilionekana pia kwamba ajali nyingi hutokea katika safari za mwanzo kabisa, ndege ikiwa bado ngeni kwa mwenyewe. Hatutasema yote yanayoweza kuizima injini. Twataka kusema juu ya umeme wake, kwa sababu huo ndio unaodharauliwa, na ndio ambao fundi wa magari hudhani anaujua.

Wavuvi wetu wa Nungwi na Kizimkazi watatuelewa upesi. Mashine nyingi wanazopachika nyuma ya boti hazina betri. Mvuvi huvuta kamba, gurudumu lenye sumaku huzunguka, na mzunguko huo huo huzaa cheche ya plagi. Maadamu mashine inazunguka na mafuta yamo, cheche haikosekani. Waliounda ndege za zamani walifuata hekima hiyo hiyo na wakaiongeza. Injini ya kawaida ya ndege ndogo ina magineto mbili, kila moja inazaa umeme wake, na kila silinda ina plagi mbili. Kabla ya kuruka, rubani huzima moja akasikiliza, kisha akaiwasha na kuizima ya pili. Betri ikifa angani, redio itanyamaza na taa zitazimika, lakini injini itaendelea kunguruma kama kwamba hapakutokea jambo.

Sasa mjenzi wa karakanani hana fedha za injini ya ndege. Anachukua injini ya gari, nayo ni injini njema, nyepesi kupatikana, vipuri vyake viko kila duka. Hapo ndipo mtego ulipo. Injini ya gari la leo haizai cheche yake yenyewe. Cheche yatoka kwenye koili inayolishwa na betri. Mafuta yanasukumwa na pampu ya umeme. Na kompyuta ndogo ndiyo inayoamua kiasi gani yaingie na wakati gani. Ukikata umeme, vyote vitatu hufa kwa pamoja na injini inanyamaza papo hapo. Gari likizimika pale Mwanakwerekwe, dereva hushuka akasukuma na makondakta wakampigia kelele. Ndege ikizimika juu ya mkondo, hakuna pa kushuka.

Natupige hesabu. Ndege ndogo iliyozimika injini, ikiongozwa vizuri, huweza kuteleza mbele kiasi cha mita tisa kwa kila mita moja inayoshuka. Ikiwa juu mita 900, yaani futi 3,000 za marubani, itafika kilomita nane hivi. Mkondo wetu hata mahali pembamba unapita kilomita 30, basi aliye katikati yake ana zaidi ya kilomita 15 mpaka nchi kavu, upande huu na upande ule. Maana yake ni kwamba ataangukia maji. Ili afike pwani yamlazimu awe amepanda karibu mara mbili ya hapo kabla hajavuka, na hilo peke yake ni shauri ambalo halimgharimu mtu senti nyingi, isipokuwa mafuta kidogo na subira.

Dawa ya kwanza ni kuwa na viwili. Betri mbili, na umeme wa injini uchukue njia yake mbali na umeme wa taa na redio, ili rubani akilazimika kuzima swichi kuu kwa ajili ya moshi, injini isizimike pamoja nayo. Lakini hapa twaomba msomaji asimame kidogo, kwa kuwa wengi hudanganyika. Kuwa na vitu viwili si kinga ikiwa vyote viwili vinapita mlango mmoja. Tumesikia mafundi wakijisifu kwa koili mbili na pampu mbili, na kumbe zote zimefungwa kwenye fyuzi moja, au zinategemea waya mmoja tu wa kurudisha umeme, uliofungwa kwa skrubu moja kwenye bodi. Skrubu hiyo ikilegea, mbili hugeuka kuwa sifuri. Sisi wenyewe tujichunge na kosa hilo katika mambo ya kisiwa. Ule waya mpya wa bahari uliofika mwaka 2013, wenye uwezo wa megawati 100, ni neema kubwa. Lakini umepita njia ile ile, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Ndiyo sababu mashine za dizeli zilizowekwa Mtoni baada ya lile giza la miezi mitatu hazifai kuachwa zioze ati kwa kuwa umeme upo.

Turudi kwenye ndege. Aghalabu kinachoizima injini ni kitu cha thamani ndogo kabisa: kichwa cha waya ambacho hakikubanwa sawasawa. Mtetemo wa injini hauna huruma. Ule waya wa nyumba wenye uzi mmoja mnene, unaouzwa Darajani kwa ajili ya taa za ukutani, hautakiwi kukaribia injini, kwani hutetemeka mpaka ukakatika ndani ya ngozi yake, na mtu akiutazama kwa nje huuona mzima. Yatakiwa waya wa nyuzi nyingi, na kwa hewa yetu ya chumvi ni bora nyuzi hizo ziwe zimepakwa bati, maana shaba tupu hapa Unguja hugeuka kijani kabla ya mwaka kwisha. Yeyote aliyewahi kufungua swichi katika nyumba ya Shangani au Malindi, hatua chache kutoka baharini, anajua tunasema nini. Kila kichwa kibanwe kwa koleo lake maalumu, kisha kivutwe kwa nguvu. Kikichomoka mkononi, tushukuru kwamba kimechomoka chini. Na popote waya unapopita kwenye tundu la bati uvishwe mpira, usije ukasuguliwa mpaka ukagusa chuma.

Dawa ya pili ni kujua mapema. Alteneta ikifanya kazi kwenye umeme wa volti 12, saa ya volti huonyesha 14 hivi. Ikishuka chini ya 13 injini ikiwa inazunguka kasi, betri inaliwa. Injini wakati huo haisemi neno, inanguruma vile vile, na ndiyo maana wengine hujua wakati mambo yamekwisha haribika. Basi pawepo na taa nyekundu mbele ya macho ya rubani, itakayowaka volti zinaposhuka. Ikiwaka, azime kila kisichoilisha injini, na aelekee kiwanja kilicho karibu, asiseme atamaliza safari kwanza.

Ana muda gani? Hilo asilikisie. Tuchukue mfano: pampu inakula ampea 5, cheche na kompyuta zinakula 7, jumla 12. Betri iliyoandikwa saa-ampea 18 ingedumu, kwa hesabu ya daftari, saa moja na nusu. Lakini betri iliyokwisha zeeka haifikii maandishi yake, na injini huzimika kabla betri haijakauka kabisa. Mwenye busara ataikata hesabu hiyo nusu. Mwenye busara zaidi ataifunga ndege kamba chini, ataweka kabari magurudumuni, ataizima alteneta, na kuhesabu dakika kwa saa yake mpaka injini ianze kukohoa. Kazi hiyo irudiwe kila mwaka.

Kwa upande wa sheria hatuna maneno mengi. Usalama wa anga katika Jamhuri yote uko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na hakuna ndege iwezayo kuruka kihalali bila ya kuandikishwa. Hivyo ndivyo inavyostahili, kwani ndege ya mtu mmoja huruka juu ya vichwa vya watu wengi. Lakini kijana akibisha mlango, haifai jibu la kwanza na la mwisho liwe marufuku. Marufuku haimfundishi mtu kubana waya. Humfundisha kujificha, akaenda kujaribu alfajiri kwenye uwanja wa mpira ambako hakuna jicho la pili. Fundi bora naye husahau skrubu yake mwenyewe, kwa kuwa macho yake yamekwisha izoea.

Jicho hilo la pili lipo nchini. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji huko Dar es Salaam kinafundisha matengenezo ya ndege. Hapa kwetu iko Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia, pale Mbweni, ambayo imewatoa mafundi umeme wa kisiwa hiki miaka na miaka. Twashauri Mamlaka, pamoja na vyuo hivi viwili, waweke utaratibu wa kuwakagua wajenzi kwa hatua: mara moja mbavu za ndege zikiwa wazi, mara moja nyaya zikiwa zimelazwa lakini hazijafunikwa, na mara ya tatu injini ikiwashwa chini. Ukaguzi wa nyaya ufanywe na mtu asiyezifunga yeye, na aweke sahihi yake. Ada iwe ndogo, ili mwenye karakana ya bati aweze kuilipa.

Na yeyote atakayefika siku moja kwenye uwanja wa Kisauni na ndege aliyoijenga kwa mikono yake, tutakwenda kumlaki. Kabla ya kumpongeza tutamwomba afungue bamba la injini, atuonyeshe ule waya wa pili unakopita.