Gari Likigoma Kuwaka, Lichunguze Kama Mgonjwa



Mwezi uliopita tulizungumza juu ya maandalizi ya mama mjamzito anayeishi mbali na hospitali: akiba ya fedha, khanga safi, mtu wa kumsindikiza, na gari lililokwisha kuahidiwa. Baadhi yenu mmeuliza swali la haki kabisa: je, gari lenyewe likigoma kuwaka?

Msiseme hayo ni mambo ya akina baba. Mwezi wa Agosti 1888, huko Ujerumani, Bertha Benz aliondoka na watoto wake wawili wa kiume katika gari lililoundwa na mumewe, Carl. Walitoka Mannheim kwenda Pforzheim, safari ya kilometa 100 hivi, na hakuna aliyewahi kwenda mbali hivyo kwa gari la injini. Inasimuliwa kwamba bomba la mafuta lilipoziba alilizibua kwa pini ya kofia, na waya wa moto ulipochubuka aliufunika kwa mkanda wa soksi zake. Safari ndefu ya kwanza ya gari duniani, basi, iliokolewa na mama mwenye watoto.

Hapa kwetu Kilosa, Land Rover za zamani za petroli zimebeba chanjo, wagonjwa, mahindi na hata maharusi. Huko Uingereza, magari madogo ya michezo kama MG na Triumph ya enzi hizo yalitumia vifaa vya umeme vya kampuni ile ile ya Lucas. Kwa hiyo ugonjwa wa Land Rover ya parokia na ugonjwa wa gari la fahari la mzee wa Kiingereza ni mmoja, na uchunguzi wake ni mmoja.

Moto unatoka wapi?

Betri hutoa volti 12 tu. Umeme huo hupita kwenye swichi, ukaingia kwenye koili. Kutoka koili huenda kwenye distributa, ambamo mna vipande viwili vidogo vya chuma vinavyogusana na kuachana. Mafundi huviita pointi. Kila vinapoachana, koili hurusha umeme mkali wa maelfu ya volti. Distributa huugawa kwa zamu kwenye plagi, na plagi hutoa cheche ya kuwasha petroli. Mahali popote njia hii inapokatika, gari haliwaki.

Nesi hampi mgonjwa dawa kabla ya kumwuliza maswali. Vivyo hivyo na gari. Uliza kwa mpangilio.

1. Ukipiga stata, taa zinafanyaje? Washa taa kubwa, kisha mwambie dereva apige stata. Taa zikififia sana au kuzimika, betri ni dhaifu au vichwa vyake vimelegea au vina kutu. Taa zikibaki na mwanga ule ule na stata iko kimya, tatizo liko kwenye stata au waya zake. Stata ikizungusha injini kwa nguvu lakini haiwaki, usilaumu betri. Nenda swali la pili.

2. Kuna cheche? Dereva afungue plagi moja, airudishe kwenye waya wake, aishike kwa koleo lenye mpini wa mpira huku chuma chake kikigusa injini, na mwenzake apige stata. Cheche ya bluu yenye nguvu maana yake umeme upo. Tafuta kosa kwenye petroli. Cheche ya njano iliyofifia, au hakuna kabisa, rudi nyuma kwenye waya, distributa, pointi na koili. Pointi zikiungua husafishwa kwa msasa laini. Katika Land Rover nyingi za aina hii uwazi wake ni milimita 0.35 hadi 0.40.

3. Limevuka maji? Wakati wa masika, au baada ya kuvuka kijito, unyevu huingia kwenye kifuniko cha distributa na umeme ukapotea njiani. Kifungue, kikaushe ndani na nje kwa kitambaa safi kikavu, na kiangalie kama kina ufa.

4. Linazima likipata joto? Gari linaloondoka vizuri asubuhi, likazima mchana, kisha likawaka baada ya kupumzika nusu saa, mara nyingi lina koili au kondensa inayochoka kwa joto. Petroli nayo huweza kuchemka kwenye bomba, kwa hiyo pima cheche wakati ule ule limezima, si baadaye.

5. Taa nyekundu ya chaji inabaki inawaka safarini? Betri haichajiwi. Angalia kwanza mkanda wa feni. Ukiwa umekatika, simama, kwani katika Land Rover hizi mkanda huo ndio unaozungusha pampu ya maji pia, na injini itachemka.

Miaka michache iliyopita tulikuwa tunatoka kliniki ya watoto kijijini Ulaya, jioni. Tulisimama kumpakia mama aliyeshikwa na uchungu wa uzazi. Tulipotaka kuondoka, gari likatoa mlio mmoja tu: tak. Dereva akasema, "Sista, betri imekufa." Betri yenyewe ilikuwa na miezi miwili. Nikamwambia, "Kaka, washa taa kwanza." Ziliwaka vizuri, lakini alipopiga stata zikazimika zote. Tukafungua boneti. Kichwa kimoja cha betri kilikuwa kimefunikwa na unga mweupe wa kijani. Akakifungua, akakikwangua kwa kisu mpaka chuma kikang'aa, akakaza. Gari likawaka mara moja. Mtoto alizaliwa hospitalini usiku ule, na mama yake akawa salama. Tungeanza kutafuta betri nyingine kijijini, sijui angezalia wapi.

Ujuzi huu pia unalinda fedha za nyumba. Jirani yangu mmoja aliambiwa gereji anunue betri mpya, kisha alteneta, na ada ya shule ya watoto ikaenda. Mwishowe fundi mwingine alikuta waya wa athi, ule unaounganisha betri na bodi ya gari, umelegea. Kazi ilikuwa ya spana moja. Barabara za vumbi zenye matuta madogo madogo hulegeza nati kila siku, kwa hiyo mwombe fundi akaze waya huo kabla hujakubali kununua kitu chochote. Mwulize kwa heshima: "Fundi, umepima nini mpaka ukajua ni betri?" Fundi mwema hachukii swali hilo.

Maonyo ya nesi

Betri ina asidi kali. Ikimrukia mtu machoni, osha kwa maji mengi safi kwa muda usiopungua dakika 20, kisha mpeleke hospitali. Betri ikichajiwa hutoa gesi inayolipuka. Usisogeze kiberiti, kibatari wala sigara. Unapofungua, anza na waya wa athi; unapofunga, umalizie huo. Betri isiwekwe chumbani wanapolala au kucheza watoto.

Fyuzi ikiungua, usifunge karatasi ya sigara wala msumari. Fyuzi iliyoungua ni kama homa: inakuambia kuna ugonjwa. Ukiizima homa bila kutafuta ugonjwa, waya zitashika moto, na wewe na watoto mmo ndani.

Tena, magari mengi ya Kiingereza yaliyoundwa kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yalifungwa upande wa chanya wa betri kwenye bodi, kinyume cha magari ya leo. Kabla ya kuazima moto kwenye gari jingine, hakikisheni kwanza. Mkikosea mtaunguza vifaa.

Mwisho, wanaokwenda Morogoro kupitia Mikumi. Barabara kuu hupita ndani ya Hifadhi ya Taifa, iliyoanzishwa mwaka 1964, kwa kilometa 50 hivi, na humo mna simba, tembo na nyati. Gari likizima humo, msishuke kufungua boneti, hata kama mnajua ugonjwa. Kaeni ndani, washeni taa za tahadhari, piga simu au simamisha gari lingine mpate msaada wa askari wa hifadhi. Uchunguzi wote ufanyike Mikumi mjini kabla ya kuingia: vichwa vya betri, waya wa athi, mkanda wa feni na taa ya chaji. Ni kazi ya dakika kumi.

Jumamosi hii mwombe baba watoto, au dereva wa parokia, akuonyeshe betri, koili na distributa ziko wapi. Mchukue na binti yako aone. Na kwenye kikapu cha safari, pamoja na maji ya kunywa na chakula cha watoto, weka tochi, kitambaa kikavu, spana ya vichwa vya betri na fyuzi mbili za akiba.

Mwezi ujao: mtoto anayeharisha safarini, na jinsi ya kumpa maji yenye chumvi na sukari kwa vipimo sahihi.