Neno Linalomnyima Mtoto Mazoezi

Mzazi Mswahili hapa Liverpool, Sydney, akiambiwa mwanawe ana serebro palsi, mkalimani wa simu 131 450 huenda akasema "mtindio wa ubongo". Wengi wetu hulisikia neno hilo kama upungufu wa akili. Hatulikubali.

Hali hii hutokana na kudhurika kwa ubongo unaokua, nayo huathiri mwendo na mkao. Watoto wengi wenye hali hii wana akili timamu. Mazoezi ya viungo hayauponyi ubongo, lakini humsaidia mtoto kukaa, kusimama na kushika kijiko, mradi yaendelezwe nyumbani. Mzazi anayedhani mwanawe haelewi, atayafanya kwa moyo gani?

Mwaka 1945 wazazi wa hapa Sydney, akina McLeod, walianzisha kituo huko Mosman kwa ajili ya watoto kama hawa. Sisi hatuna kituo, tuna lugha. Tunapendekeza "ulemavu wa mwendo utokanao na ubongo". Ni refu, lakini halimtukani mtoto. Walimu wetu watusahihishe, kisha chama kiandike karatasi moja ya maneno ya mazoezi, kwa Kiswahili anachokielewa hata mama aliyetoka Kongo. Samaki mkunje angali mbichi.