Vichanga wa Ngara na Biharamulo hawawezi kungoja rufaa

RAIS Samia Suluhu Hassan alipozindua Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, Juni 19, 2025, mjadala ulihusu zaidi malori, mabasi na biashara. Ni wachache waliomfikiria mtoto njiti wa Ngara au Biharamulo, ambaye njia yake ya kwenda Hospitali ya Bugando, Mwanza, ilikatishwa na kivuko.

Daraja hilo la kilomita 3 limeondoa foleni, lakini halijaondoa umbali. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Kagera iko Bukoba, mbali na Ngara iliyopakana na Rwanda na Burundi. Biharamulo imepata afueni kwa kuwa jirani na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Chato. Hata hivyo, kichanga aliyezaliwa bila kupumua anatakiwa kusaidiwa ndani ya dakika moja, na hakuna gari la wagonjwa linaloweza kushindana na dakika hiyo.

Takwimu za taifa zinaeleza uzito wa jambo hili. Kati ya utafiti wa afya wa 2015/16 na ule wa 2022, vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 67 hadi 43 kwa kila vizazi hai 1,000. Vifo vya siku 28 za mwanzo vilishuka kutoka 25 hadi 24 tu. Maana yake, zaidi ya nusu ya watoto tunaowapoteza kabla ya miaka mitano hufa wakiwa vichanga. Lengo la dunia ni kufikia 12 ifikapo 2030.

Wanaodhani dawa ni mashine za gharama kubwa wanakosea. Utafiti uliochapishwa 2013 ulionyesha kuwa kuwafundisha wakunga nchini kumsaidia mtoto kupumua kulipunguza vifo vya saa 24 za kwanza kwa asilimia 47. Mwaka 2021, utafiti mwingine ulioihusisha Muhimbili ulibaini kuwa mtoto njiti akiwekwa kifuani kwa mama mapema, ngozi kwa ngozi, vifo hupungua kwa asilimia 25.

Hata hivyo, kifua cha mama pekee hakitoshi. Mtoto ambaye mapafu yake hayajakomaa anahitaji oksijeni, kifaa cha kusukuma hewa puani, na umeme usiokatika. Ngara ina mtambo wa Rusumo wa megawati 80, unaohudumia nchi tatu. Itakuwa ajabu wodi ya vichanga katika wilaya hiyo hiyo ikikosa umeme wa akiba.

Jambo la mwisho, na gumu zaidi, ni watumishi. Muuguzi akifundishwa kuhudumia vichanga, kisha akahamishiwa wodi nyingine, ujuzi huondoka naye na mashine hubaki pambo.

Mpango wa m-mama, wenye namba ya dharura 115, umerahisisha usafiri wa wajawazito na vichanga tangu ulipozinduliwa kitaifa 2022. Lakini rufaa humfaa mtoto aliyekwisha kutulizwa. Kazi hiyo ya kumtuliza ni lazima ifanyike Murgwanza, Rulenge na Biharamulo, na wanaopanga bajeti na ikama ndio wanaopaswa kuamua kama itafanyika.