Maharage ya Kihesa na Sheria za Maumbile

Twaambiwa na walioshiba kwamba tofauti ya tajiri na maskini ni sheria ya maumbile: mafuta huelea juu ya maji. Tumeitafakari hoja hiyo. Sayansi yafundisha kwamba mafuta huelea kwa kuwa ni mepesi, si kwa kuwa ni bora. Hatudhani hayo ndiyo waliyokusudia.

Basi nasi tutoe yetu. Huku Iringa, yapata mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, kanieneo ya hewa ni ndogo. Maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, wala si 100 kama Dar es Salaam, na maharage huchelewa kuiva. Je, tuseme maumbile yamemtoza mama wa Kihesa kodi ya mkaa? La hasha! Jirani yake mwenye sufuria ya kubana mvuke anaishi mwinuko ule ule, na maharage yake huiva upesi.

Tena mama huyo hununua mkaa kwa kopo, akilipa zaidi kuliko anunuaye gunia zima. Bei hiyo haikupangwa na hewa. Jumuiya ndogo ndogo zaweza kuchangia gunia moja wakagawana kwa bei ya gunia, kuanzia mwezi huu.